Kiasi na Mahali: Israfu, Mchezo na Kompyuta ya Bei Nafuu

Swali la iwapo mtu wa kipato kidogo ana haki ya kimaadili kutumia fedha zake kwa ajili ya mchezo ni la kale kuliko kompyuta. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika upande wa Temeke hadi Mwananyamala na Tegeta upande wa Kinondoni, swali hilo limepata sura mpya kwa sababu ya vijana wanaokusanya vipuri kimoja baada ya kingine, vingi vikiwa vimekwisha kutumika ofisini au ng'ambo, ili kujijengea kompyuta ya gemu, yaani kompyuta yenye uwezo wa kuchora kwa kasi picha zinazohitajiwa na michezo ya video ya kisasa. Mashine ya namna hiyo, hata ikijengwa kwa uangalifu, inaweza kumeza shilingi 900,000, ambazo ni karibu mishahara miwili ya kima cha chini cha mtumishi wa serikali, kilichopandishwa Julai 2025 kuwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Hukumu ya haraka, inayosikika barazani kama inavyosikika mimbarini, ni kwamba hiyo ni israfu. Makala haya yanaipima hukumu hiyo, na yanadai kwamba mara nyingi huangalia pasipo penyewe: israfu haikai katika bei ya kitu wala katika jina lake, bali katika uhusiano wa kila sehemu na lengo lake, na katika uhusiano wa mnunuzi na watu ambao haki zao zinaguswa na ununuzi wake.

Msingi wa dai hilo unapatikana kwa Abu al-Hasan al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058 na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika kitabu chake cha adabu za dunia na dini, al-Mawardi alitenganisha makosa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni israfu, ambayo aliieleza kuwa ni kutojua kiasi cha haki, yaani mtu anatoa mahali panapostahili lakini anapitiliza kipimo. La pili ni ubadhirifu, ambao aliueleza kuwa ni kutojua mahali pa haki, yaani mtu anatoa pasipostahili hata kama alichotoa ni kidogo. Makosa yote mawili ameyaweka upande wa ujinga, si upande wa ukubwa wa fungu lililotumika, na kwa hiyo kinyume chake si ubahili bali ni ujuzi. Maelezo hayo yanaafikiana na aya ya 67 ya Sura al-Furqan, ambayo huwasifu waja wanaotoa bila kupitiliza na bila kubana, wakasimama katikati ya mambo hayo mawili. Yanakaribiana pia na Aristotle, aliyesema kwamba wastani wa maadili haupatikani kwa kugawanya hesabu nusu kwa nusu: chakula kinachomfaa Milo, mpiga mieleka mashuhuri wa Kiyunani, si kile kinachomfaa mwanafunzi anayeanza mazoezi siku ya kwanza, na mwalimu anayewapa wote wawili sahani moja hajawatendea kiasi hata mmoja wao.

Kabla ya kuuliza kiasi, ni lazima iulizwe kama mchezo wenyewe una mahali. Hapa wanazuoni wa dini hawakuwa wakali kama wanavyodhaniwa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya malezi katika Ihya ulum al-din alishauri kwamba mtoto aachiwe acheze mchezo mzuri baada ya kutoka chuoni, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumbana kwa masomo wakati wote huua moyo wake na kuzima akili yake. Mafakihi wa Kishafii waliuweka mchezo wa sataranji, usipokuwa na kamari na usipopitisha wakati wa Swala, katika daraja la makuruhu, yaani jambo ambalo kuliacha ni bora lakini kulifanya si dhambi, ilhali wengi katika madhehebu mengine waliuharamisha. Na sababu mojawapo ya kuutofautisha na michezo ya dadu, ambayo waliikataza, ilikuwa kwamba sataranji husimama juu ya fikra na hesabu wakati dadu husimama juu ya bahati. Kwa kipimo hicho bao linalochezwa barazani lina utetezi, na gemu nyingi za kompyuta, ambazo ushindi wake hutokana na mazoezi ya jicho, mkono na mpango, zina utetezi uleule, isipokuwa zile zinazomuuzia mchezaji visanduku vya bahati nasibu kwa fedha halisi, maana hizo zimevuka na kuingia katika kamari, hata kama picha zake zinapendeza. Upande wa Kikristo, Thomas Aquinas alikwenda mbali zaidi katika karne ya 13 alipohoji kama kukosa mchezo kunaweza kuwa kosa, akajibu kwamba kunaweza, kwa sababu mtu asiyefurahi wala kuwaachia wenzake wafurahi ni mzigo kwao na anapingana na akili.

Watetezi wengi wa kompyuta ya gemu hawategemei hoja hizo, bali husema kwamba mashine itatumika pia kwa masomo, kuhariri video au kuchora ramani za majengo. Utetezi huo huwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa kadi inayochora uwanja wa mpira ndiyo inayochora nyumba ya mwanafunzi wa usanifu, lakini kwa mizani ya maadili ni utetezi dhaifu, kwani unakubali kimyakimya kwamba mchezo peke yake hauna haki ya kugharamiwa na unamfundisha kijana kumpa mzazi sababu ambayo wote wawili hawaiamini. Ni afadhali kusema wazi kwamba mchezo ni haja ya binadamu ya daraja la chini kuliko chakula, makazi na elimu, na kwamba haja ya daraja la chini bado ni haja.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria wa karne ya nne, aliyehubiri kwamba nguo iliyokaa sandukuni bila kuvaliwa ni mali ya aliye uchi, na kwamba mwenye ziada anashikilia kilicho cha wengine. Hoja ya namna hiyo iliwahi kuwa sera ya nchi nzima. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, miaka tisa tu baada ya kompyuta ya kwanza kufungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa haba na kwa sababu mradi wa kuweka hesabu za Hazina kwa kompyuta ulikuwa umeleta hasara na vurugu badala ya nafuu. Televisheni nayo Bara iliisubiri hadi mwaka 1994. Uamuzi wa 1974 haukuwa wa kijinga kama unavyosimuliwa siku hizi, kwani mashine ambayo hakuna aliyejua kuitumia ilikuwa kweli ni israfu kwa maana kamili ya al-Mawardi. Kosa lake lilikuwa kuuhukumu ujinga wa matumizi kana kwamba ni sifa ya kitu chenyewe, na tiba ya ujinga ikawa ni kukiondoa kitu badala ya kutafuta ujuzi. Ama Basili, neno lake bado linamfunga kila mwenye ziada, lakini ni vigumu kuelewa kwa nini lianze kusomwa kwa sauti Mbagala kabla ya kusomwa Masaki, mtaa wa wenye ziada.

Sasa itazamwe mashine yenyewe, maana hoja ya kiasi haina uzito mpaka iingie katika vipuri. Kompyuta ya gemu ya bajeti ndogo mara nyingi huanzia kwenye mashine ya ofisi iliyostaafu, kama vile Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ambazo hufika katika maduka ya Kariakoo baada ya mashirika ya Ulaya na nchi za Ghuba kununua mpya. Mashine hiyo huja na prosesa, yaani chipu inayofanya mahesabu ya jumla; bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi na ambayo huunganisha sehemu zote; ramu, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hukaa inapofanya kazi; diski ya kuhifadhia; na pawa saplai, kifaa kinachobadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa kulisha sehemu hizo. Kinachokosekana ni kadi ya grafiki, yaani bodi ndogo yenye chipu na kumbukumbu zake maalumu kwa ajili ya kuchora picha. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kwa kuwa Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache, mashine nyingi nzima zisizo na kasoro zilihesabiwa huko kuwa zimekwisha. Kama kuna israfu katika safari ya mashine hizo, kwa sehemu kubwa ilitendeka kabla hazijapanda meli, na kijana wa Temeke anayeziokota anaipunguza badala ya kuianzisha.

Hatua ya kuongeza kadi ya grafiki ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba kiasi hakipimwi kwa sehemu moja peke yake. Nafasi ya kuchomekea kadi katika bodi kuu hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi ya GeForce GTX 1050 Ti iliyotoka mwaka 2016, na matoleo mengi ya GTX 1650 ya mwaka 2019, huishi ndani ya kikomo hicho bila kuhitaji waya wa ziada, ilhali Radeon RX 580 ya mwaka 2017, ambayo ina nguvu zaidi, imepangiwa wati 185. Mnunuzi anayelinganisha kadi mbili juu ya meza ya duka, akaona kwamba kwa fedha zilezile RX 580 iliyotumika inampa picha nyingi zaidi, ataona ni ujinga kuchagua nyingine. Lakini OptiPlex 9020 ya umbo dogo ina pawa saplai ya wati 255 tu, isiyo na waya wa kulisha kadi kama hiyo, na kichomeo chake cha bodi kuu si kile cha kawaida, kwa hiyo haiwezi kubadilishwa kwa pawa saplai ya dukani bila kutafuta waya wa kuunganishia; tena sanduku lenyewe, lile ambalo mitaani huitwa sipiyu, halina nafasi ya kadi ndefu. Kadi iliyokuwa rahisi juu ya meza imekwisha kudai pawa saplai, waya na sanduku jingine, na fungu zima limevurugika. Kadi ileile katika mashine nyingine ingekuwa chaguo la busara.

Lengo nalo lina kipimo chake. Monita nyingi zilizotoka maofisini huonyesha picha mara 60 kwa sekunde, na kadi inayochora picha 140 kwa sekunde mbele ya monita ya aina hiyo inachora picha ambazo nyingi hazitaonekana kikamilifu na jicho lolote. Wachezaji wa gemu za mashindano watapinga kwamba kadi yenye kasi hupunguza muda kati ya kubonyeza na kuona, nao wana haki kwa kiasi fulani. Lakini kwa mtu anayetaka kucheza mpira na ndugu zake jioni, tofauti hiyo imenunuliwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Ni nadra mfano wa kutojua kiasi kuonekana kwa tarakimu namna hii.

Ramu, kwa upande wake, inafundisha juu ya mahali. Gigabaiti 16 zinaweza kuwekwa kwa kipande kimoja au kwa vipande viwili vya gigabaiti 8, na jumla haibadiliki, lakini vipande viwili vikiwekwa katika nafasi zinazofaa prosesa huvisoma kwa njia mbili kwa pamoja. Katika mashine isiyo na kadi ya grafiki, ambayo prosesa yake huchora picha kwa kuazima ramu hiyohiyo, tofauti huonekana mara gemu inapofunguliwa. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya ramu ilipanda kote duniani kwa kuwa watengenezaji walielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili unde, na jambo ambalo jana lilikuwa kiasi likawa anasa bila mnunuzi wa Tandika kubadili tabia yake hata kidogo. Wanaofundisha kiasi kana kwamba ni orodha ya vitu vilivyoruhusiwa wangepaswa kuiandika upya kila mwezi.

Sehemu inayodhulumiwa zaidi katika bajeti ndogo ni pawa saplai, kwa sababu haionekani na haiongezi picha hata moja. Zipo zinazouzwa zikiwa na karatasi ya wati 500 huku ndani hazina sehemu za kubeba mzigo huo wala kinga ya kukata umeme unapozidi, na katika jiji ambalo umeme hukatika ghafla na kurudi kwa kishindo, kama wakazi walivyozoea katika mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, kifaa kama hicho kikiungua kinaweza kuondoka na bodi kuu na kadi. Hapo bei ya kutupa ndiyo israfu yenyewe, na pawa saplai yenye bei ya juu kidogo ndiyo kiasi. Vivyo hivyo kwa taa za rangi zinazopamba kompyuta za gemu, ambazo wahubiri wengi wangezitaja kwanza: mapambo ni daraja la tatu katika mpangilio wa wanazuoni wa usuli, baada ya dharura na haja, na si haramu kwa kuwa tu ni mapambo, bali yanakuwa ubadhirifu pale tu yanaponunuliwa kwa fedha zilizopunjwa kutoka kwenye pawa saplai.

Hadi hapa mahesabu yamebaki ndani ya sanduku. Lakini kompyuta huchomekwa ukutani, na sehemu kubwa ya wakazi wa Temeke na Kinondoni wanaishi katika nyumba za kupanga ambamo vyumba kadhaa hutumia mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na wapangaji huchangishana kwa makadirio: chumba chenye friji kinatoa zaidi, chenye taa na televisheni kinatoa kidogo. Mashine inayokula wati 300 wakati wa mchezo, ikichezwa saa nne kila siku, hutumia uniti 36 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyowekwa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, mwaka 2016, wateja wadogo wa nyumbani ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350 kila moja, wakati kundi la matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 50 ilikuwa ikilipa shilingi 5,000 kabla ya kodi na tozo. Ikiongezewa 36 inafikia 86, na malipo yanakuwa shilingi 11,350. Ikiendelea hivyo na kuhamishiwa kundi la kawaida, uniti zilezile 86 zitagharimu shilingi 25,112. Ongezeko hilo halimwangukii mchezaji peke yake, kwa kuwa bei imepanda kwa kila uniti, ikiwemo ile ya taa ya jirani anayesomea mtihani.

Hapa ndipo lawama ya israfu inapopata makao ya kweli, na inashangaza kwamba ndipo inapotajwa kwa nadra. Miongoni mwa kanuni tano kuu za fikihi zilizofafanuliwa na al-Suyuti, mwanazuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 1505, ipo ile inayosema kwamba madhara huondolewa, na madhara ya mita ya pamoja ni ya aina ambayo aliyeyafanya anaweza asiyahisi, maana yamegawanywa katika vyumba vingi na kufichwa ndani ya tokeni. Mpangaji anayesema kwamba yeye huchangia kama walivyokubaliana na wenzake hajajibu kitu, kwa sababu kiwango cha mchango kilikubaliwa kabla mashine yake haijaingia ndani, na ridhaa ya wenzake ilikuwa juu ya hali ile. Analopaswa kufanya halihitaji mufti: awaeleze wenzake kabla ya kuiwasha, apendekeze mchango unaolingana na uniti 36 pamoja na tofauti ya kundi, au afunge mita ndogo ya kupimia chumba chake. Kipimo cha wati katika kadi ya grafiki, ambacho kilionekana kuwa suala la ufundi tu, kinageuka kuwa suala la haki ya jirani. Kadi ya wati 75 na ile ya wati 185 zinatofautiana kwa zaidi ya uniti 13 kwa mwezi kwa mchezo wa saa nne kila siku, na yote mawili, haki na ufundi, yangemwelekeza mwenye OptiPlex ndogo kwenye kadi ileile.

Haki za mbali zaidi zinaweza kupitiwa kwa ufupi. Kununua gemu iliyovunjwa ulinzi wake ni kuchukua kazi ya mtu bila ridhaa yake na ni kinyume cha sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, na udhuru wa umaskini umepungua nguvu kwa kuwa gemu nyingi nzuri, Dota 2 na Counter-Strike 2 zikiwemo, hutolewa bure na wenyewe. Tantali, madini yaliyomo katika vipuri vya elektroniki, ambayo sehemu yake hutoka machimbo ya eneo la vita la Kivu, mashariki mwa Kongo, kama Rubaya katika wilaya ya Masisi, ni mzigo wa dhamiri kwa anayenunua kipya. Anayenunua kilichotumika hajaongeza hitaji la kuchimba, angalau si moja kwa moja.

Lililo gumu zaidi ni biashara ya vipuri vilivyotumika, kwa sababu kadi ya grafiki ni bidhaa ambayo aibu yake, yaani kasoro yake, hujificha hata mbele ya macho mazuri. Zipo zilizochoka kwa miaka zikichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mchana na usiku, hadi mtandao huo ulipobadili mfumo wake tarehe 15 Septemba 2022 na uchimbaji wa kadi ukakoma, kadi hizo zikamwagwa sokoni duniani kote. Zipo ambazo chipu yake ilikufa ikapashwa kwa mashine ya hewa ya moto, ikafufuka kwa wiki chache. Zipo za uongo kabisa, ambazo chipu ya zamani ya GTX 550 Ti imeandikiwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa kompyuta kuwa ni GTX 1050 Ti. Udanganyifu huo ulienea kiasi kwamba programu ya ukaguzi ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuutambua. Nyingi huwaka vizuri dukani, zikaonyesha picha ya kwanza bila doa, na huanza kutoa mistari na kuzima pale tu zinapobebeshwa gemu kwa nusu saa.

Mwanauchumi George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba pale muuzaji anapojua aibu na mnunuzi asijue, wanunuzi wote huanza kutoa bei ya kitu kibovu, na wenye vitu vizuri wakaondoka sokoni. Fikihi ilikuwa imekwisha kulijibu tatizo hilo kwa njia ya wajibu. Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta chini yake imelowa, na muuzaji alipojitetea kwamba ilinyeshewa, akaambiwa kwa nini hakuiweka juu ili watu waione. Madhehebu ya Shafii yakajenga juu ya msingi huo khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa na kudai fedha zake akigundua kasoro ya kabla ya mauzo, mradi asicheleweshe baada ya kuigundua. Muhimu zaidi kwa mitaa ya Kariakoo ni kwamba, kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu hayo, sharti la muuzaji la kujivua dhamana ya kila kasoro halimvui, isipokuwa kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Maneno yanayogongwa kwenye risiti nyingi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayana basi uzito wa kidini juu ya kadi mbovu, hata kama muuzaji na mnunuzi wote wawili wanadhani yanao.

Mnunuzi naye hana udhuru wa kukaa kimya, maana bei isiyo ya kawaida ni habari, na anayelipa nusu ya bei ya soko bila kuuliza chochote anashiriki katika usiri ule. Kuomba kadi iendeshwe kwa mzigo kamili dukani kwa nusu saa, joto lake likisomwa, nambari zake zikilinganishwa na zile zilizochapwa juu ya chipu, si kumvunjia fundi heshima bali ni sehemu ya kujua kiasi. Na fundi anayekubali hilo kwa hiari anastahili kulipwa zaidi kidogo kuliko jirani yake anayekataa.

Tena kompyuta ya bajeti ndogo haimaliziki kujengwa. Aliyeanza na GTX 1050 Ti hufika siku anataka nyingine, na njia yake ya pekee ya kuipata ni kuiuza ya kwanza, kwa hiyo karibu kila mnunuzi wa Temeke ni muuzaji wa kesho. Siku hiyo feni ya kadi yake huenda inaguguma, au mashine huzima gemu ikizidi saa mbili, na aliye mbele yake, pengine mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekusanya fedha kwa miezi, hajui kuuliza. Akisema kasoro hiyo atapata fedha pungufu, na pengo hilo atalijaza kwa kusubiri mwezi mwingine kabla ya kununua kadi mpya. Gharama hiyo ya kusema ukweli ni sehemu ya bajeti tangu mwanzo, na aliyepanga shilingi 900,000 bila kuiweka katika hesabu alikuwa hajamaliza kupanga.